Laini ya Simu ni Mlango wa Nyumba: Somo Kuhusu Wizi wa Pesa kwa Simu

Somo letu la mara hii linahusu wizi ambao hauvunji mlango wala hauamshi mbwa. Mtu amelala nyumbani kwake Njoro au Subukia, simu iko chini ya mto, na kukicha pesa hakuna. Karo ya mtoto, mchango wa chama, malipo ya maziwa ya mwezi mzima, yote yameenda. Na mara nyingi mwenyewe anaachiwa deni juu yake.

Tumeona afadhali tulijadili jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu katika vikundi tunavyotembelea tunasikia maelezo mawili tu. Wengine wanasema ati wakora hawa wana mitambo ya kuingia ndani ya simu ya mtu yeyote wakitaka, kwa hivyo hakuna la kufanya. Wengine wanasema aliyeibiwa ni mjinga, ajilaumu mwenyewe. Maelezo yote mawili yanamsaidia mwizi. La kwanza linatukatisha tamaa na la pili linatunyamazisha.

Ukweli ni kwamba mwizi wa aina hii anahitaji msaada wetu. Anahitaji vipande vidogo vidogo vya habari zetu, na mara nyingi tunampa sisi wenyewe bila kujua. Tukijua anatafuta nini, tunaweza kumfungia.

LAINI IMEKUWA KITU GANI

M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007. Kabla ya hapo, mtu wa Nairobi aliyetaka kumtumia mama yake pesa alimpa dereva wa matatu bahasha, au alipanga foleni posta. M-Pesa ilikuja kuondoa taabu hiyo, na kweli iliiondoa. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo inakuruhusu kulipa hata kama pesa zako hazitoshi, kisha unalipa baadaye na gharama yake.

Leo mkulima wa Kuresoi anapata ujumbe wa mbolea ya ruzuku kwa laini yake. Benki inamtumia nambari ya kuthibitisha kwa laini hiyo hiyo. Kikundi cha WhatsApp cha jumuiya kinamtambua kwa laini hiyo. Kwa hivyo anayeishika laini yako ameshika pochi, kitabu cha benki, mkopo wako na jina lako, yote kwa wakati mmoja. Na kwa sababu ya mikopo hiyo, mwizi anaweza kukuibia hata pesa ambazo huna.

KUBADILISHA LAINI NI NINI

Wengi wanadhani pesa ziko ndani ya simu au ndani ya ile kadi ndogo. Haziko huko. Pesa zako zimeandikwa katika mitambo ya kampuni, kama vile akiba ya chama ilivyoandikwa katika kitabu cha mweka hazina. Kadi ile ina nambari yake maalum na ufunguo wa siri, na kazi yake ni kuuambia mtandao kwamba mwenye nambari hii ya simu ndiye huyu.

Ukipoteza simu unaenda dukani na kitambulisho, unapewa kadi mpya, na nambari yako inabaki ile ile. Kadi mpya ikiamka, ya zamani inakufa papo hapo. Hii ni huduma nzuri. Bila hiyo, kila aliyepoteza simu sokoni angepoteza pia nambari aliyoitumia miaka 15.

Mwizi anapitia mlango huo huo. Anajifanya wewe, anaomba laini yako ihamishiwe kwa kadi aliyo nayo yeye. Wakati mwingine anapata mtu wa ndani wa kumsaidia. Akifaulu, simu yako inakosa mtandao ghafla, na yake inaanza kupokea meseji zako zote, pamoja na zile za benki.

Lakini hapa tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye tumaini. Hata akishapata laini, bado hajapata M-Pesa, kwa sababu nambari ya siri haiko ndani ya kadi. Lazima aijue, au aweze kuibadilisha kwa kutumia habari zako. Na kabla ya hapo anahitaji jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na mara nyingi mwaka wako wa kuzaliwa. Je, vitu hivi anavitoa wapi?

VIPANDE VINAVYOKUSANYWA

Fikiria juma moja tu la maisha yetu. Jumatatu unaingia jengo fulani mjini Nakuru, na langoni unaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu katika daftari ambalo kila anayekuja nyuma yako anaweza kulisoma. Jumatano unatoa pesa kwa ajenti, na mtu aliye nyuma yako anatazama vidole vyako. Ijumaa unapiga picha kitambulisho na kukituma katika kikundi cha WhatsApp chenye watu 200 kwa ajili ya fomu ya basari. Na nambari yako ya siri ni mwaka uliozaliwa, ambao umeandikwa katika kitambulisho hicho hicho.

Kipande kinachobaki mwizi anakitafuta kwa kukupigia. Simu yenyewe huwa namna hii, na tumeiandika ili usikie sauti yake.

"Hujambo mama? Pole kwa kukusumbua. Mimi ni wa huduma kwa wateja. Tunaona laini yako haijasajiliwa vizuri, itafungwa saa kumi leo. Wewe ni Mama Fulani, kitambulisho nambari fulani, sivyo?"

Mama anashtuka. Huyu anajua jina langu na kitambulisho changu, basi ni wa kweli.

"Sawa mama, usijali, tutaimaliza sasa hivi. Usikate simu. Niambie mwaka wako wa kuzaliwa. Vizuri. Sasa bonyeza nambari nitakazokutajia, halafu utaandika PIN yako. Usiniambie mimi, iandike tu."

Angalia alivyofanya kazi. Kwanza, alitumia habari alizokuwa nazo ili aaminike. Pili, alileta haraka, ili mama asipate nafasi ya kumwuliza mtu. Tatu, alimkataza kukata simu. Nne, alijifanya mlinzi kwa kusema "usiniambie", huku akimwelekeza mahali pa kuiandika ambapo yeye ataiona. Ukimsikia mtu mwenye upole na haraka kwa pamoja, jua hapo kuna kitu.

MULOT NA WATOTO WETU

Hatuwezi kuzungumzia wizi huu hapa Bonde la Ufa bila kutaja Mulot. Ni mji mdogo mpakani mwa kaunti za Narok na Bomet, kando ya barabara ya kutoka Narok kwenda Bomet. Kwa miaka kadhaa sasa makachero wa DCI wamefanya misako huko mara kwa mara na kukamata vijana wakishukiwa kuhamisha laini za watu na kutoa pesa zao. Katika misako hiyo kumepatikana kadi za simu nyingi kwa mtu mmoja. Jina la mji huo limekuwa mfano nchini kote.

Tunaomba tusilitumie jina hilo kama tusi. Watu wengi wa Mulot ni wakulima, wafugaji na wafanyabiashara wa halali, na wao pia wanaibiwa. Tena wizi huu haukai mahali pamoja. Simu hizi zimepigwa pia kutoka ndani ya magereza, na zinaweza kupigwa kutoka mtaa wowote wa mji wetu.

Jambo linalotugusa sisi ni umri wa wanaokamatwa. Wengi ni vijana, na wengine waliacha shule kwa sababu waliona rafiki akipata kwa siku moja kile ambacho baba yake hapati kwa msimu wa mahindi. Wazazi, tuulizane bila kuogopana. Kijana hana kazi, hana shamba, lakini amenunua pikipiki mbili na anatembea na simu nne. Tunapokea pesa zake za matumizi, tunashukuru, hatuulizi. Pesa hizo zilikuwa karo ya mtoto wa mwingine. Ukimwuliza mwanao mapema unaweza kumwokoa na jela. Ukinyamaza, swali hilo ataulizwa na hakimu.

WAHANDISI WANAFUNGA MLANGO UPI

Mtu anaweza kusema hii ni kazi ya kampuni na serikali. Kweli, sehemu moja ni yao. Tukumbuke yaliyotokea Julai 2023, mtandao wa serikali wa eCitizen uliposhambuliwa. Huduma nyingi zilikwama, watu wakashindwa kuomba pasipoti, wengine wakashindwa kununua tokeni za stima. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan wakiwahusisha na kundi hilo.

Shambulio lile lilikuwa la kujaza mlango. Ni kama mtu alete umati wa watu elfu kumi mbele ya duka wasionunua chochote, hadi mteja wa kweli akose njia. Serikali ilisema hakuna habari za wananchi zilizopotea. Shambulio la namna hiyo linazuiwa na wahandisi, na mimi na wewe hatuna la kufanya isipokuwa kungoja.

Simu ya yule "wa huduma kwa wateja" ni kitu kingine. Hiyo haigongi mlango wa kampuni, inagonga wako. Kampuni inaweza kuweka vizuizi, lakini hakuna mhandisi anayeweza kuzuia nambari ya siri ambayo mwenyewe umeitamka au umeiandika unapoelekezwa. Hapo mlinzi ni wewe.

AIBU NI RAFIKI YA MWIZI

Aliyeibiwa mara nyingi hasemi. Mume haambii mke, mweka hazina haambii chama, mwalimu haambii wenzake. Wanaogopa kuchekwa. Matokeo yake ni kwamba mwizi anatumia maneno yale yale kwa jirani kesho, na jirani hajaonywa.

Basi sikieni habari hii. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo yenyewe, ilichukuliwa na watu waliokuwa wamehamisha nambari yake ya simu. Ikiwa nambari ya mtu kama huyo ilihamishwa, nani atamcheka mama wa Bahati au mzee wa Molo? Kuibiwa si ujinga. Tunaomba kila jumuiya na kila chama kiweke desturi hii: mtu akipigiwa au akiibiwa, aeleze mkutanoni maneno aliyoambiwa, na hakuna wa kucheka. Kwa njia hiyo hasara ya mmoja inakuwa kinga ya wengi.

HATUA ZA KUCHUKUA KABLA

1. Usimpe mtu nambari ya siri, wala usiiandike wakati mtu anakuelekeza kwa simu. Hakuna mfanyakazi wa kweli wa kampuni au benki anayeihitaji. Ukipigiwa, kata. Halafu piga mwenyewe nambari unayoijua.

2. Badilisha nambari ya siri kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, wa mtoto wako, au 1234.

3. Kama una laini ya Safaricom, bonyeza *100*100#. Hii inafunga laini yako isibadilishwe hadi wewe mwenyewe ufike katika duka lao na kitambulisho.

4. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, uliza iondolewe.

5. Ukipata meseji ya pesa kutoka kwa mtu usiyemjua, kisha apige akilia kwamba amekosea, usirudishe. Angalia kwanza salio lako, si meseji. Meseji za uongo huandikwa kama za kweli, lakini mara nyingi hutoka kwa nambari ya kawaida badala ya jina MPESA. Kama pesa zimeingia kweli, mwambie apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, kampuni itashughulika.

6. Nambari ya tarakimu sita ya WhatsApp ikikujia bila wewe kuomba, usimpe mtu, hata akiwa rafiki. Huenda rafiki huyo amekwisha kunyang'anywa akaunti yake. Weka pia ile PIN ya ziada katika mipangilio ya WhatsApp.

7. Meseji za kuchekesha, za kazi ya haraka au za basari zenye anwani ya kubonyeza, zipeleke 333 kama uko Safaricom. Ni bure.

WAZEE WETU WASIOSOMA

Hapa pana ugumu ambao hautatuliwi kwa kusema tu "usimpe mtu PIN". Nyanya wa miaka 75 anayepokea pesa za Inua Jamii au za kutumiwa na wanawe, na ambaye hasomi, atafanyaje? Wengi humpa mjukuu au ajenti simu na kumtajia nambari.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, afundishwe nambari kwa vidole, kwa kukumbuka mahali pa vitufe, kama vile anavyokumbuka njia ya kisimani bila ramani. Wengine wanaweza baada ya mazoezi ya siku chache. La pili, kama hawezi kabisa, awe na msaidizi mmoja tu, anayejulikana na familia nzima, na asikae na pesa nyingi kwa simu. La tatu, msaidizi huyo amsomee nyanya salio kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Hivyo msaidizi pia analindwa na lawama.

VYAMA NA VIKUNDI

Pesa za chama zisikae katika laini ya mtu mmoja. Fungueni akaunti inayohitaji sahihi za watu zaidi ya mmoja. Tena wekeni sheria kwamba hakuna pesa inayotumwa kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp peke yake, hata kama umetoka kwa mwenyekiti. Lazima apigiwe na asikike sauti, au aonekane uso kwa uso.

Na kitabu cha wanachama chenye nambari za vitambulisho kifungiwe. Hata sisi wa ofisi za kanisa sheria inatuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka yeyote anayekusanya habari za watu achukue zile anazozihitaji tu na azitunze. Una haki ya kuuliza, "Nambari ya kitambulisho changu mnaitakia nini?"

IKISHATOKEA

Simu ikikosa mtandao ghafla, muulize jirani kama wake upo. Kama upo, usingoje kesho. Tumia laini ya jirani ya Safaricom kupiga 100, omba laini na M-Pesa zifungwe. Ijulishe benki yako. Kisha nenda dukani na kitambulisho. Halafu fika kituo cha polisi, andikisha, na usiondoke bila nambari ya OB, kwa maana bila hiyo kampuni na benki zitakurudisha nyuma. Unaweza pia kuwapigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203.

Sheria iko. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya 2018 inasema anayetumia nywila au kitambulishi cha mwingine kwa udanganyifu anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Kwa udanganyifu wa kompyuta ni hadi shilingi milioni 20, au miaka kumi, au yote mawili. Lakini sheria haisogei kama hakuna aliyeshtaki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu amewahi kupigiwa simu ya namna hii? Aliambiwa maneno gani hasa?

2. Juma lililopita uliacha nambari ya kitambulisho chako mahali pangapi? Palikuwa na haja?

3. Pesa za kikundi chetu ziko katika laini ya nani? Akiibiwa leo usiku, tutafanyaje?

4. Ni wazee gani katika jumuiya yetu wanahitaji kufundishwa, na nani atawaendea kabla ya mkutano ujao?

5. Tunawaambia nini vijana wetu ambao hawana kazi, na tunawapa nafasi gani ya kupata riziki ya halali?

Wenyeviti wa jumuiya, tafadhali tuleteeni majibu ya swali la kwanza na la nne. Yale maneno ya wakora mtakayoyakusanya tutayachapisha katika toleo lijalo, ili atakayepigiwa ayatambue kabla hayajamaliza kusemwa.